Mtume wa Kumi na Tatu ni Nani?

Jumapili moja, baada ya mafundisho ya Kipaimara, kijana mmoja alibaki nyuma wenzake walipokwisha kutoka, akatuuliza swali ambalo hatukulitazamia: "Katekista, mtume wa kumi na tatu ni nani?" Tulifurahi. Tukadhani amesoma sura ya kwanza ya Matendo ya Mitume, basi tukamweleza habari za Mathia, aliyepigiwa kura apate kushika nafasi ya Yuda, hata hesabu ya kumi na wawili ikatimia tena. Tukaendelea na Paulo, aliyejiita mtume ingawa alijihesabu kuwa mdogo kuliko wote. Kijana alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu akatoa simu mfukoni, akatuonyesha picha ya Koffi Olomidé.

Ndugu wasomaji, twakiri kwamba tuliona haya kidogo. Si kwa kuwa hatukuijua kazi ile, bali kwa kuwa tuliijua sana. Sahani zote nne tunazo nyumbani, nazo zimechakaa.

Kazi hiyo ilitoka mwaka 2015 kwa jina la Kifaransa, *13ième Apôtre*, yaani Mtume wa Kumi na Tatu. Ina nyimbo 39. Mwenyewe alitangaza kwamba ndiyo ya mwisho, kwamba baada yake hatatoa tena mkusanyo wa nyimbo. Miaka kama 10 imepita, na hapa Kisangani watu bado hawajapatana juu yake. Wako wanaosema kwamba nyimbo 39 ni ulafi, na kwamba mzee aliyekwisha kushiba hana haja ya kujaza sahani nne. Wako wanaosema kwamba karamu ya kuagana lazima chakula kibaki, ama sivyo si karamu. Nao wacha Mungu wetu wa parokiani, hasa mama zetu wa vyama vya kitume, wanasema jina peke yake latosha kuitupa kazi nzima mtoni.

Twaona kwamba wote hao wanasema neno lenye ukweli, lakini wengi wao hawakusikiliza. Wa kwanza walihesabu, wa pili walisherehekea, wa tatu walisoma jalada. Sisi tulijipa kazi ya kusikiliza, sahani moja baada ya nyingine, kwa siku nne za Kwaresima, maana umeme wa mji wetu hautoi nafasi ya kusikiliza zote kwa siku moja. (Mtu atauliza kwa nini tulichagua Kwaresima. Tulimwambia paroko kwamba ni mfungo wa namna yake.)

Yafaa kwanza tukumbuke mtu huyu ametoka wapi. Alizaliwa papa hapa, tarehe 13 Julai 1956, mji ulipokuwa bado ukiitwa Stanleyville. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na Kofi ni jina ambalo Waakan wa Ghana humpa mtoto wa kiume aliyezaliwa Ijumaa. Majina yake mengine ni Antoine Christophe Agbepa Mumba. Alikulia Kinshasa, akaenda kusoma Bordeaux katika Ufaransa, na kabla hajawa mwimbaji mwenye sifa alikuwa mtunzi. Papa Wemba na kundi lake la Viva la Musica, lililoundwa mwaka 1977, waliimba tungo zake. Husemwa kwamba jina Olomidé lenyewe limetokana na maneno ya Kifaransa ya kumsifu mtu mwenye mawazo. Mwaka 1986 akaunda kundi lake mwenyewe, Quartier Latin.

Basi tusimpime kama mchezaji aliyebahatika kupata vipaza sauti. Huyu ni mtunga maneno. Waimbaji wengi wa rumba kabla yake walipanda juu kwa sauti nyembamba, kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Yeye alishuka chini, akaimba kama anayenena karibu na sikio, taratibu, gitaa zikisubiri amalize sentensi. Namna hiyo aliiita *tcha tcho*, akatoa na mkusanyo wenye jina hilo mwaka 1990. Chini ya sauti ile aliweka vinanda vya umeme vingi, na nyuma yake waitikiaji wengi, hata wimbo ukawa kama nyumba yenye mazulia mpaka jikoni. Utajiri huo wa sauti ulikuwa wake tangu zamani, wala si jambo la uzeeni. Katika miaka ya ndombolo aliuacha upande kidogo, kwa kuwa vijana walitaka kutikisika. Katika *13ième Apôtre* ameurudia kwa wingi, na hapo ndipo ubishi ulipoanza.

Sasa tazameni majina ya kazi zake, maana mtunga maneno hapewi jina kwa bahati. Mwaka 1992 alitoa *Haut de gamme*, jina lenye maana ya bidhaa za daraja la juu. Mwaka 1993 *Noblesse oblige*, na 1995 *V12*, ambayo ni injini ya motokaa za watu wenye pesa nyingi. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1997 ikaja *Loi*, yaani Sheria, 1998, pamoja na kundi lake, *Droit de véto*, 1999 *Attentat*, 2000 *Force de frappe*, 2003 *Affaire d'État*. Kwanza alijiita tajiri, halafu akajiita mtawala na askari, na mwishoni akajiita mtume. Wanaoshangaa jina la mwaka 2015 walikuwa wamelala miaka 20. Ngazi ilikuwa pale, naye alikuwa akiipanda hatua kwa hatua mbele ya macho yetu.

Na sisi watu wa Kisangani tulikuwa wapi alipokuwa akipanda? Mwezi wa Februari 2000 aliujaza ukumbi wa Bercy mjini Paris. Miezi minne baadaye, tangu tarehe 5 mpaka 10 Juni, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji wetu, yakiutupia mabomu, wakafa mamia ya raia. Sisi tulikuwa watoto wadogo. Tulilala chini ya vitanda pamoja na mbuzi wa jirani, aliyekuwa ameingia ndani mwenyewe wala hakuna aliyemfukuza. Mizinga ilipokoma na watu wakatoka kutafuta maji na kuzika wafu wao, radio ya kwanza tuliyoisikia ilikuwa ya betri, mlangoni pa fundi wa baiskeli, nayo ilikuwa ikipiga wimbo wa Koffi. Mama mmoja aliweka ndoo chini, akacheza. Alicheza akilia. Hatukuona kosa wakati ule, wala hatulioni leo. Kwa hiyo anayetaka tumhukumu mwimbaji huyu kama mgeni aliyepita njiani, hatuwezi.

Turudi kwenye nyimbo 39. Urefu peke yake si kosa. Franco, katika *Mario* ya mwaka 1985, aliimba kwa zaidi ya dakika kumi juu ya jambo moja tu, kijana mwenye elimu anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri. Wala hakuna aliyelalamika, kwa sababu kila dakika iliongeza neno. Katika sahani za Koffi tulikuta nyimbo ambazo mwanzo wake ni mzuri ajabu. Sauti inaingia chini, gitaa moja inamfuata, mtu anamlilia mpenzi wake kama anayelilia maji, nawe msikilizaji unasogea karibu. Halafu mlango unafunguliwa, wanaingia waitikiaji, vinanda na wapiga kelele za kuchezesha, na juu ya hayo yote yanaingia majina.

Majina hayo ndiyo tunayotaka kuyasema kwa urefu, maana hapa ndipo penye ugonjwa. Wasomaji wetu wanajua *mabanga*. Kwa Kilingala libanga ni jiwe, na kumtupia mtu libanga ni kulitaja jina lake ndani ya wimbo ili asifiwe, naye kwa kawaida hulipa. Hatuwaiti wanamuziki wezi. Wajua mwenyewe, msomaji, mara ya mwisho ulinunua lini sahani ya halali? Kaseti zilinakiliwa ovyo sokoni, baadaye sahani, sasa simu hupelekeana nyimbo bila hata senti moja kumfikia mtunzi. Kundi lina wapiga muziki na wacheza ngoma wengi, na hao hula kila siku. Basi mwenye duka, mwenye almasi, mbunge na ofisa wakageuka kuwa mlango wa riziki. Hata kuvunja mawe, *kobeta libanga*, ndiko watu wetu wanakokuita kuhangaikia chakula. Twalijua hilo na twalihurumia.

Lakini huruma haiwezi kuufanya wimbo uwe mzima. Mtu analia kwamba moyo wake umevunjika, na katikati ya kilio anamsalimu tajiri fulani wa Brazzaville au wa Paris. Kilio gani hicho? Fikirini mama aliye kilioni, anasimama kila dakika moja kuwataja waliotoa sanduku. Utajiri wa vinanda haukutuchosha kamwe. Tungeweza kuusikiliza mpaka asubuhi. Kilichotuchosha ni utajiri wa watu wengine uliokodi nafasi ndani ya maumivu ya mwimbaji.

Na hapa lugha yetu inatusaidia kuliko Kifaransa. Katika Kiswahili neno mtume linatoka katika kutuma. Mtume ni aliyetumwa, hajiendei. Aliyetumwa hutaja jina la aliyemtuma, basi. Tulimwambia kijana wetu asihangaike na hesabu ya kumi na tatu, bali aulize swali moja: nani amemtuma? Akae na karatasi, aandike kila jina linalotajwa katika sahani nne. Alifanya hivyo, naye ana bidii kuliko tulivyodhani. Wiki iliyofuata alileta karatasi tatu zilizojaa pande zote mbili.

Wimbo uliovuma kuliko yote katika kazi ile ni *Selfie*, ambao vijana kwa wazee waliucheza wakijipiga picha kwa simu zao, toka Kinshasa mpaka huku kwetu. Ni wimbo mchangamfu, nasi hatuna neno juu yake. Ila mtume anayejipiga picha mwenyewe alituchekesha, na twadhani hata yeye, ambaye hakosi ucheshi, alicheka alipoupanga humo.

Yako mambo yasiyochekesha. Mwezi wa Julai 2016 picha zilizopigwa katika uwanja wa ndege wa Nairobi zilimwonyesha akimrushia teke mwanamke mmoja wa kundi lake. Serikali ya Kenya ikamrudisha kwao. Kinshasa akawekwa kifungoni siku chache, akaomba radhi mbele ya watu. Tena mwezi wa Desemba 2021 mahakama ya rufani ya Versailles, Ufaransa, ilimhukumu miezi 18 ya kifungo kilichoahirishwa kwa kuwazuilia wacheza ngoma wake wa zamani, nayo ikamwachilia katika mashtaka ya kuwavunjia heshima ya mwili. Tunayaandika kama yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza.

Wako ndugu wanaotuambia kwamba hayo si kazi ya mhakiki: wimbo ni wimbo, na mtu ni mtu. Kwa nusu wana haki. Teke la mwaka 2016 haliwezi kuuharibu mpigo wa gitaa wa mwaka 1990. Lakini aliyejiita mtume ametualika mwenyewe tumtazame mtu, si wimbo tu. Angejiita fundi, tungeishia kwenye kazi ya mikono yake. Tena ule utajiri wa jukwaani, taa na mavazi na safu za wasichana wanaocheza nyuma yake, umejengwa kwa miili ya watoto wa watu. Katika parokia yetu wako wazazi ambao binti zao wanacheza vizuri sana na wanataka kwenda Kinshasa kutafuta kundi. Hao hawasikilizi muziki wa Koffi kama sisi tunavyousikiliza. Wanasikiliza wakihesabu.

Kwaheri yake, kama mjuavyo, haikuwa kwaheri. Ilikuwa kama kwaheri ya bato la bandarini kwetu: limetangaza safari ya kushuka Kinshasa Jumatatu, mizigo imepakiwa, watu wameagana kwa machozi, na Alhamisi unawakuta palepale wakinunua chikwangue. Mwaka 2017 ikaja *Nyataquance*. Halafu tarehe 30 Novemba 2020 akasikika katika *Waah!* pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania, na siku haijaisha watazamaji walikwisha kupita milioni moja. Mzee alikuwa na miaka 64. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, akaimba katika ukumbi mkubwa wa La Défense mjini Paris, na mwaka 2022 akatoa mkusanyo mwingine.

Juu ya *Waah!* tuna neno la kusema ambalo huenda likawashangaza wasomaji wetu wenye ndevu. Wengi wa rika lake waliudharau, wakisema mzee amekwenda kuomba ujana kwa watoto wa pwani. Sisi twauona kuwa kazi safi kuliko nyingi za zile 39. Kwa nini? Kwa sababu pale alikuwa mgeni. Nyumba ni ya mwingine, dakika ni chache, mwenye nyumba naye anataka kuimba. Akaingia na ile sauti yake ya chini, akasema maneno yake kwa raha, akacheza hatua zake mbili tatu kama mzee kwenye harusi ya mjukuu, akampisha mwenye nyumba. Muziki wenyewe ni wa gharama, unang'aa kama kitenge kipya, wala haukumdhuru. Kwa hiyo wanaosema kwamba fahari ndiyo iliyomharibu Koffi hawajaona sawasawa. Mpeni fahari yote mnayotaka, ila mnyimeni nafasi ya kuweka kila kitu.

Tumeyaandika haya si kwa ajili ya Koffi, ambaye hatasoma gazeti letu, bali kwa ajili ya jambo lililotokea kwetu. Kwaya moja ya hapa mjini, tunayoifahamu kwa karibu kwa sababu tunaimba humo sauti ya tatu, ilipata mfadhili wa kurekodi nyimbo zake. Mtu mwema, mfanyabiashara wa mchele na mafuta ya mawese. Alilipia studio, akalipia sare, kisha akaomba jambo dogo: jina lake na la mkewe litajwe katika wimbo wa komunyo, kati ya ubeti wa pili na wa tatu. Tulibishana jioni mbili. Vijana walisema wanamuziki wakubwa wote wanafanya hivyo, hata waimbaji wa nyimbo za dini, tena bila pesa zake hakuna sahani. Mwalimu wa kwaya alinyamaza, kwa kuwa paa la nyumba yake lilitengenezwa na mtu yuleyule. Sisi tulitoa zile karatasi tatu za kijana wa Kipaimara, tukazipitisha mkono kwa mkono. Hakuna aliyesema kitu kwa muda, isipokuwa mpiga ngoma, aliyetaka kujua kama jina la mjomba wake limo. Lilikuwamo, mara mbili.

Mfadhili alikubali jina lake lichapwe nyuma ya jalada, kwa herufi kubwa kuliko zetu. Studio tutaingia baada ya Pasaka.

Yule kijana naye alirudi akiwa na swali la pili, rahisi kuliko la kwanza: katika zile 39, ni ngapi tungezibakiza kama tungekuwa sisi wachaguzi? Tulimtajia saba, zote za taratibu, na nyingi zimo katika sahani mbili za kwanza, kabla mwimbaji hajachoka na sisi pia. Yeye ana tisa. Zile mbili bado tunabishana.